Programu ya wingu ikizimika, dukani kwako kinabaki nini?

Mwezi Mei 2024, wanachama wa UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya 600,000, walikaa takriban wiki nzima bila kuweza kuingia kwenye akaunti zao. Hapakuwa na mdukuzi. Google Cloud, huduma ya wingu ya Google (yaani ya kukodisha kompyuta na programu kupitia intaneti) iliyokuwa inahifadhi mifumo ya mfuko huo, ilieleza baadaye kwamba wakati wa kuuandaa mfumo wa mteja, sehemu moja ya kujaza iliachwa tupu. Kompyuta ikaihesabu kuwa ni huduma ya mwaka mmoja, na mwaka ulipotimia ikaufuta mfumo bila kumtaarifu mteja. Kilichouokoa mfuko ni nakala zilizokuwa nje ya mfumo uliofutwa, zikiwemo zilizowekwa kwa mtoa huduma mwingine.

Duka la vifaa vya ujenzi au famasi yenye matawi mawili haina wahandisi wa kuhangaika na tatizo kama hilo wiki nzima. Lakini leo mauzo, stoo, madeni ya wateja, mishahara na barua pepe zake vyote vinaweza kuwa kwenye programu za wingu za kulipia kwa mwezi. Programu hizo zina faida ya kweli, na kurudi kwenye daftari si ushauri tunaoutoa. Tunachosisitiza ni kwamba kukodi programu ni jambo moja, na kumwachia mtoa huduma kumbukumbu zako zote bila wewe kubaki na nakala ni jambo jingine.

Wenye biashara wengi huogopa wadukuzi, kumbe mara nyingi kinachowafungia mlango ni kidogo zaidi: kadi ya benki iliyokwisha muda malipo yakagoma, au mhasibu aliyeacha kazi huku akaunti kuu imesajiliwa kwa barua pepe yake binafsi. Mtoa huduma hawezi kumpa akaunti mtu anayepiga simu na kudai yeye ndiye bosi, na kwa kweli anafanya vizuri kukataa. Sajili akaunti kuu kwa barua pepe ya biashara, weka wasimamizi wawili, washa uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za dharura za kuingilia zichapwe zifungiwe kwenye kabati. Jina la tovuti pia lisajiliwe kwa jina la biashara, si la fundi aliyeitengeneza.

Kisha kuna njia ya kuzifikia seva, yaani kompyuta za mtoa huduma zinazoendesha programu yako. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Seva zilikuwa nzima, lakini kaunta haikuzifikia. Kabla hujanunua programu ya mauzo, zima data na WiFi, uza bidhaa tatu, chapa risiti, kisha washa tena. Mauzo yote matatu yaonekane, kila moja mara moja tu, na stoo ipungue sawasawa. Programu nyingine huandika muamala mara mbili intaneti ikirudi, na hesabu ya stoo ikishaharibika hivyo utaijua siku ya kuhesabu mali.

Usidanganyike na asilimia za mkataba. Ahadi ya kuwa hewani asilimia 99.9 ya muda inamruhusu mtoa huduma kuzimika dakika 43 kwa mwezi wa siku 30, ya 99.5 inamruhusu saa 3 na dakika 36. Akizidisha, fidia kwa kawaida ni punguzo kwenye ankara yake, si mauzo uliyoyakosa.

Sasa nakala rudufu, ambako ndiko makosa mengi yalipo. Nakala iliyo ndani ya akaunti ileile hufa pamoja na akaunti. Mwaka 2014 kampuni ya Code Spaces iliingiliwa kwenye paneli yake ya kusimamia seva za wingu ilizokodi Amazon. Mvamizi akadai pesa, na wenyewe walipojaribu kumtoa, akafuta data pamoja na nakala. Kampuni ikafungwa. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliokuwa wameweka nakala zao palepale.

Kwa hiyo kila wiki, au kila siku kama mauzo ni mengi, pakua orodha za wateja, madeni, bidhaa na miamala. Weka nakala moja kwenye diski inayochomolewa na nyingine kwa mtoa huduma tofauti. Pakua kwa CSV, faili la jedwali la maandishi matupu ambalo programu nyingi hulisoma. PDF inasomeka kwa macho, lakini kuiingiza kwenye programu nyingine ni mateso. Faili ukilifungua moja kwa moja kwa Excel, namba ya simu inayoanza na 07 hupoteza sifuri ya mbele, na barkodi ya tarakimu 13 hugeuka kuwa kitu kama 6.2E+12. Ukihifadhi hapohapo, tarakimu zimepotea. Acha faili la asili bila kuguswa. Ukitaka kulitazama, liingize kupitia menyu ya data na uzitangaze safu hizo kuwa maandishi. Angalia pia picha za risiti na viambatisho, maana mara nyingi havimo kwenye upakuaji huo.

Mara moja kila miezi mitatu, chukua nakala hiyo na kompyuta isiyounganishwa na programu, kisha jaribu kujibu maswali mawili: fulani anadaiwa kiasi gani, na stoo ina mifuko mingapi ya saruji? Ukishindwa kujibu, hiyo bado si nakala.

Kwenye mkataba, tafuta idadi ya siku unazopewa kuchukua data baada ya huduma kusitishwa. Mwaka 2013 Nirvanix, kampuni ya Marekani ya kuhifadhi data, iliwapa wateja takriban wiki mbili tu kuhamisha kila kitu. Zikiwa chini ya siku 30, omba ziongezwe kabla ya kusaini. Uliza pia data inakaa nchi gani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zina masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na kukodi programu hakukuondolei wewe wajibu kwa wateja wako.