"Upepo wa Msimu" Kwenye Tairi Maana Yake Nini?

Upepo wa msimu ni utani wa watu wa magari. Kwa mujibu wake, upepo uliomo ndani ya tairi una majira yake, na majira yakigeuka inakubidi uutoe wote ujaze mwingine. Unapendwa sana Marekani na Kanada na watu wenye magari-nyumba, yaani yale magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani, ambayo familia husafiri nayo likizo. Vuli ya huko ikianza, mzoefu humwuliza mgeni kwa uso mkavu kama ameshatoa hewa ya kiangazi na kutia ya baridi. Mgeni akiuliza inauzwa wapi, kwisha habari yake.

Kwa Tanga utani huu hauhitaji hata kubadilishwa nguo. Kwenye kijiwe cha pancha tunajaza upepo, na pepo za pwani zina majina na zamu zake tangu enzi za majahazi: kaskazi, itokayo kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha mvua za masika, kisha kusi, itokayo kusini, miezi ya katikati ya mwaka. Kwa hiyo mtalii akiegesha gari-nyumba lake Ushongo, kule Pangani, mwezi wa Juni, ushauri wake uko tayari. Bwana mkubwa, haya matairi bado yana kaskazi. Ukienda hivyo kuelekea kusini, Saadani hadi Bagamoyo, gari litakuwa linakokota tu, maana upepo wa ndani unavuta kwake na wa nje unavuta kwake. Toa wote, tena tairi moja moja, usije ukachanganya pepo mbili ukaleta dhoruba ndani ya rimu. Wala usijaze usiku, kwa sababu saa hizo upepo unatoka bara na gari litakuwa linakimbilia baharini kila ukiliachia usukani.

Ni utani wa jamii ileile ya kumtuma kijana aliyeanza kazi gereji juzi akanunue nusu lita ya cheche za plagi. Hauna ubaya, ila kuna kitu kinachoufanya udumu kuliko wa cheche: nusu yake inakaribia ukweli.

Hewa ikipoa, shinikizo lake hushuka. Tairi la gari dogo lenye shinikizo la paundi 35 kwenye geji hupoteza karibu paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi joto linaposhuka. Kwenye gari-nyumba zito, ambalo matairi yake yanaweza kujazwa hadi paundi 80, badiliko hilo hilo la joto huondoa karibu paundi 2. Sasa fikiria mtu wa Kanada aliyejaza tairi kwenye nyuzi 25 za kiangazi, akaja kulikagua siku ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Hakuna pancha, hakuna msumari, na bado tairi limelegea. Huyo anaongeza upepo kwa sababu msimu umebadilika kweli. Anachokosea ni kuamini kwamba ule wa zamani umeharibika. Hewa ni ileile mwaka mzima, sehemu kubwa naitrojeni, kama asilimia 78, na oksijeni asilimia 21, iwe imevutwa na kompresa ya Chumbageni au ya Toronto.

Tanga mjini hesabu hiyo haina uzito. Tofauti kati ya Februari ya jasho na Julai yenye kiubaridi ni nyuzi chache tu, paundi moja hivi, na geji nyingi za vijiweni zinakosea zaidi ya hapo. Panda Lushoto ndipo mambo yanaponoga. Ukitoka usawa wa bahari hadi kama mita 1,400, asubuhi ya Julai utakuta baridi ya kuvaa sweta, na baridi hiyo inakunyang'anya paundi kama 2. Lakini geji haipimi hewa ya ndani peke yake. Inapima ndani imeizidi nje kwa kiasi gani. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi, kwa hiyo geji inakurudishia paundi kama 2. Moja inatoa, nyingine inalipa, na dereva anasoma namba karibu ileile aliyotoka nayo Tanga. Mtu angeweza kushinda dau la soda kwa jambo hili, na sijui kwa nini watani hawalitumii.

Pale utani unapoweza kuumiza ni kwenye lile neno "toa". Tairi likitembea barabarani linapata moto, na paundi zake hupanda 4, 5 au zaidi. Dereva anayesimama Segera jua la saa nane, akapima na kuona namba imezidi, anashawishika kupunguza. Asipunguze. Namba iliyoandikwa kwenye mlango wa gari ni ya tairi lililopoa, na likipoa baada ya kupunguzwa litakuwa chini ya kiwango. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana, linazidi kupata moto, na juu ya mzigo wa gari-nyumba, pamoja na matangi ya maji na mitungi ya gesi, hapo ndipo hupasuka. Sababu halali ya kutoa upepo ni mchanga: ukitaka kupita ufukweni na gari la magurudumu manne yanayovuta, unashusha hadi paundi 20 hivi tairi litanuke lisizame, halafu unajaza tena kabla ya kugusa lami.

Jambo ambalo msimu unalifanya kweli ni kulizeesha tairi, na hili halina mzaha wake ingawa linastahili. Gari-nyumba husimama miezi mingi kuliko linavyotembea. Kashata zake zinabaki nzuri, mtu anaona mpya, kumbe mpira umekauka kwa jua na kupata nyufa pembeni. Umri wake umeandikwa ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na DOT: 3219 maana yake lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka likishapita miaka mitano, na likifika kumi litolewe hata kama halijaisha. Kulifunika lisipigwe jua gari likiwa limesimama kunasaidia.

Na ukimaliza ya chini, zunguka nyuma uangalie spea. Ile ndiyo haipimwi na mtu. Kwa mgeni aliyeleta gari lake kwa meli, spea huenda ndilo tairi pekee Pangani nzima ambalo bado lina upepo wa Ulaya.