Kisa Gotami angebisha hodi Kibosho

Nafundisha falsafa ya dini hapa Moshi. Kila tukifika kwenye Ubuddha, swali ni lile lile: "Mwalimu, kama hakuna nafsi, sasa anayeteseka ni nani?"

Buddha hakusema hupo. Anatta, "si nafsi" kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, ni kukana kwamba ndani yako kuna kitu kimoja cha kudumu kinachomiliki mwili na mawazo. Yeye alitaja mafungu matano yanayobadilika muda wote: mwili, hisia, utambuzi, misukumo ya nia na ufahamu. Mtawa Nagasena alimuuliza mfalme Milinda, yaani Menander Mgiriki: gari lako la farasi ni lipi, magurudumu, ekseli au nira? Mimi natumia Noah za stendi, zile gari ndogo za abiria. Injini imebadilishwa, mlango umetoka gari jingine, viti vimeshonwa upya. Namba ni ile ile, na konda akisema "gari yetu" hakosei. Ila fungua boneti uone kama utaikuta hiyo "gari yetu" mle.

Dukkha nayo tunaipunja tukiiita mateso. Mateso kwetu ni njaa, ugonjwa, msiba. Dukkha inaingia mpaka kwenye sherehe: mbege, pombe yetu ya ndizi, leo tamu, keshokutwa imechachuka, na wewe bado unaitaka ile ya juzi.

Halafu kifo. Kisa Gotami, mama wa enzi za Buddha, alizunguka na maiti ya mwanawe akitafuta dawa. Buddha akamwambia alete haradali kutoka nyumba ambayo haijafiwa. Akabisha nyumba baada ya nyumba, haradali ipo, nyumba yenyewe hakuna. Kibosho, huku kwetu Uchaggani, asingehitaji hata kuuliza. Makaburi yamo kihambani, shamba la nyumbani, kati ya migomba, angeyaona toka getini.

Hapo kijana mmoja akanibana: "Sisi tunamrudisha marehemu kutoka Dar ili alale kwao. Buddha angesema nani amelala?"

Nilimjibu kwa mfano mwingine wa Nagasena, kuhusu kuzaliwa upya: koroboi ikiwasha koroboi, hakuna kitu kilichohama, lakini ya pili isingewaka bila ya kwanza. Akadhani ni kama mjukuu kupewa jina la babu. Hapana. Babu wa Kichagga bado ni mtu, anatambikiwa, ana nafasi yake ukooni. Ubuddha wa Nagasena haumwachii kiti hicho, na sipendi wanaolainisha tofauti hiyo.

Kisa Gotami alikwenda kumwacha mwanawe makaburini, akarudi kuomba utawa. Kibosho asingeenda peke yake. Kina mama wangeshafika na kuni na masufuria.