Dola 44 za kuingilia Zanzibar hazilindi gari ya kaka

Wengi wanaorudi Unguja na Pemba kutembea wakiwa na pasi za nje huamini kuwa ile bima ya dola 44, iliyo lazima kwa wageni tangu Oktoba 1, 2024, inawalinda hata wakiazima gari ya ndugu. Sivyo. Ile ni bima ya msafiri: matibabu ya dharura, mizigo kupotea na mfano wa hayo. Gari ina bima yake.

Kwa hiyo kabla hujapokea ufunguo, muulize kaka: umekata bima ndogo (inayomlipa mtu wa nje tu) au kubwa (inayolipia na gari yenyewe)? Ukirudi nyuma pale Darajani ukamgonga mtu wa vespa, bima ndogo inamlipa yeye. Taa ya gari ya kaka iliyovunjika ni juu yako. Nawaomba sana ndugu zangu, msione haya kuuliza. Kaka ataona haya zaidi kukudai baadaye. Omba uione hati yenyewe ya bima, si stika tu: tarehe ya kumalizika, na masharti kuhusu dereva. Kama leseni yako ni ya nje, tafuta kwanza kibali cha kuendeshea Zanzibar, maana dereva asiye na ruhusa halali huipa kampuni sababu ya kukataa madai.