Moyo wa mtu transijenda: homoni si mshtakiwa pekee

Watu wazima waliobadili jinsia hutuuliza swali hili mara nyingi: je, homoni zitaniharibia moyo? Inategemea ni homoni gani, inaingiaje mwilini, na kama kuna anayekupima.

Estrojeni ni homoni ya kike wanayotumia wanawake transijenda, yaani waliozaliwa wakihesabiwa wanaume. Ikiwa ya vidonge hupita kwanza kwenye ini, na ini huzidisha protini zinazogandisha damu. Bonge la damu likijitengeneza mguuni linaweza kusafiri hadi mapafuni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliofuatilia wanachama wa Kaiser Permanente, shirika la bima na matibabu, wa California na Georgia, uliona mabonge hayo mara nyingi zaidi kwa wanawake transijenda kuliko kwa wanaume na wanawake wengine, na pengo likapanuka kadiri miaka ilivyosonga. Uholanzi nako, ethinilestradioli, aina ya zamani ya estrojeni, ilihusishwa na vifo vya moyo. Siku hizi haishauriwi. Kibandiko cha estrojeni cha ngozini hukwepa ini, kwa hiyo kinamfaa zaidi mwenye umri mkubwa au aliyewahi kugandwa na damu.

Testosteroni, homoni ya kiume wanayotumia wanaume transijenda, ina tabia yake: huongeza chembe nyekundu hadi damu kuwa nzito, na hushusha kolesteroli nzuri. Vyote viwili huonekana kwa kipimo cha kawaida cha damu. Anayenunua dozi mtandaoni na kujichoma mwenyewe hapati kipimo hicho, na kwa maoni yangu huyo ndiye aliye hatarini kuliko wote.

Lakini tukiishia kwenye homoni tutakuwa tumemwonea mgonjwa. Mwaka 2021 Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tamko kikitaja ubaguzi na msongo wa mawazo kuwa sehemu ya hatari hii, pamoja na sigara. Katika uchunguzi wa kitaifa wa nchi hiyo wa mwaka 2015, karibu robo ya watu transijenda walisema katika mwaka uliotangulia waliacha kumwona daktari kwa kuogopa kudhalilishwa. Shinikizo la damu haliumi. Asiyefika kliniki hulijua siku ya kiharusi.

Unapokwenda, taja kila dawa unayotumia, hata ile usiyoandikiwa. Usiache homoni ghafla kwa hofu. Zungumza kwanza na anayekutibu, na kama unavuta sigara, anza na hiyo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikata au kifua kikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo.