Siku ya uamuzi wa riba: dhana potofu za wanaofanya biashara ya mikataba ya fahirisi

"Riba ikishuka hisa hupanda, riba ikipanda hisa hushuka." Kauli hii imewaponza watu wengi wanaonunua na kuuza mikataba ya baadaye ya fahirisi za hisa ndani ya siku moja, yaani makubaliano ya kununua au kuuza siku zijazo kwa bei inayokubaliwa leo, juu ya kipimo cha bei za hisa nyingi kwa pamoja. Kwa anayepima mambo kwa miaka ina msingi wake, lakini haimsaidii mtu aliyekaa mbele ya skrini akisubiri tangazo la benki kuu. Tarehe 18 Desemba 2024 Benki Kuu ya Marekani ilipunguza riba kwa robo asilimia, na siku hiyohiyo fahirisi ya S&P 500, inayopima hisa za kampuni kubwa za Marekani, ikashuka kwa karibu asilimia 3. Tarehe 4 Mei 2022 benki hiyo ilikuwa imepandisha riba kwa nusu asilimia, hatua ambayo haikuwahi kuchukuliwa kwa zaidi ya miaka 20, na fahirisi ikapanda kwa karibu asilimia 3.

Ukweli ni kwamba bei ya mkataba, saa moja kabla ya tangazo, huwa tayari imebeba uamuzi unaotarajiwa. Katika soko la Chicago kuna mikataba ya riba ya muda mfupi ya Marekani inayouzwa tangu mwaka 1988, na kwa kuwa bei yake ni 100 ukitoa wastani wa riba ya mwezi husika, yeyote anaweza kuisoma na kujua soko linategemea nini. Desemba 2024 robo asilimia ilikuwa imekwisha kuhesabiwa. Kilicholishtua soko ni jedwali la makadirio ambalo wajumbe wa kamati ya riba hutoa kila Machi, Juni, Septemba na Desemba: mwezi Septemba makadirio ya kati (yale yanayoangukia katikati wajumbe wote wakipangwa) yalionyesha kwamba riba ingepunguzwa kwa asilimia 1 katika mwaka 2025, ilhali yale ya Desemba yalionyesha nusu asilimia tu. Mei 2022 ilikuwa kinyume chake, kwa sababu wengi walihofia kwamba hatua itakayofuata ingekuwa robo tatu ya asilimia, naye Jerome Powell, mwenyekiti wa benki hiyo wakati huo, akasema kwamba kamati haikuwa ikiifikiria hatua hiyo kwa dhati. Furaha hiyo haikulala, kwani kesho yake S&P 500 ilianguka kwa zaidi ya asilimia 3.5, na mwezi Juni riba ikapandishwa kwa robo tatu ileile ya asilimia.

Dhana ya pili, ambayo naiona kuwa ya hatari zaidi kwa sababu humnasa hata mtu aliyeisoma taarifa vizuri, ni kuamini kwamba mshumaa wa kwanza, yaani alama ya kwanza ya bei kwenye chati baada ya tangazo, ndio unaoonyesha mwelekeo wa siku. Uamuzi wa Marekani hutoka kwa awamu mbili: taarifa ya maandishi saa nane mchana kwa saa za Washington, na mkutano wa mwenyekiti na waandishi wa habari saa nane na nusu, mkutano ambao tangu mwaka 2019 hufanyika baada ya kila kikao kati ya vikao 8 vya mwaka. Tarehe 2 Novemba 2022 taarifa iligusia athari za riba zinazochelewa kuonekana katika uchumi. Soko likaisoma kama dalili ya kulegeza kamba, na bei zikapanda. Nusu saa baadaye Powell alieleza kwamba ilikuwa mapema mno kufikiria kusitisha upandishaji wa riba, na S&P 500 ikafunga siku ikiwa chini kwa asilimia 2.5. Aliyenunua saa nane na dakika tano hakukosea kuisoma taarifa, ila alikuwa amesikia nusu tu ya habari.

Wengine hujiona salama kwa sababu wameweka oda ya kukata hasara, yaani agizo la kuuza lenyewe bei ikishuka hadi kiwango walichokipanga. Tuitazame oda hiyo kwa karibu. Katika mkataba mdogo wa S&P 500 uitwao E-mini, kila pointi ni dola 50. Tuseme mtu amenunua mkataba mmoja kwa 6,000 na kuweka oda ya kukata hasara kwenye 5,990, akihesabu kwamba hasara haitazidi dola 500. Dakika chache kabla ya saa nane, wanaoweka bei za kununua na kuuza kwa wakati mmoja huanza kuondoa oda zao, kwa kuwa hakuna anayetaka kukutwa na bei iliyopitwa na habari. Daftari la oda, yaani orodha ya oda zinazosubiri, lililokuwa na mamia ya mikataba katika kila bei, hubaki na machache. Taarifa inapotoka, bei hairemki ngazi kwa ngazi, bali huruka. Oda ya 5,990 huamka na kuwa oda ya kuuza kwa bei yoyote iliyopo, na ikiwa mnunuzi wa kwanza mwenye nafasi yuko kwenye 5,982, hasara inakuwa dola 900. Oda ile huamua ni wakati gani uuze, lakini haina mamlaka juu ya bei utakayoipata.

Wapo pia wanaoamini kwamba wakiwahi kubofya mara tu habari inapotoka watawatangulia wengine. Kwao jibu ni fupi. Tarehe 18 Septemba 2013, siku ya uamuzi wa riba, biashara ilionekana Chicago ndani ya milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) chache baada ya saa nane kamili, kabla habari haijaweza kufika kutoka Washington hata kwa kasi ya mwanga, inayohitaji zaidi ya milisekunde 3 kuukata umbali huo, na jambo hilo likazua maswali juu ya namna habari ilivyopelekwa. Kidole cha binadamu hakimo kabisa katika mbio hizo.

Imebaki imani kwamba anayejua kalenda ya vikao anaweza kujikinga kwa kukaa pembeni siku hizo tu. Tarehe 3 Machi 2020 riba ilipunguzwa kwa dharura, nje ya kalenda, saa nne asubuhi kwa saa za Washington, katikati ya biashara. Jumapili ya tarehe 15 mwezi huohuo ilipunguzwa tena kwa asilimia 1 nzima saa kumi na moja jioni, soko likiwa limefungwa. Mikataba ilipofunguliwa saa moja baadaye, haikuchukua muda kugonga kikomo cha kushuka kwa asilimia 5 kilichokuwapo wakati huo kwa biashara ya usiku. Bei inapokuwa kwenye kikomo hairuhusiwi kushuka zaidi, na wanunuzi huwa hawaonekani, hivyo aliyekuwa ameshikilia mkataba wa kununua alibaki nao. Asubuhi ya Jumatatu biashara ya hisa ilisimamishwa kwa dakika 15 mara tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu S&P 500 ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 7, na jioni ikafunga ikiwa chini kwa karibu asilimia 12.