Ubunifu wa kila siku: maana yake na mazoezi yake

Kitenzi ni kubuni, nacho kina sura mbili: mtu hubuni mtambo, na mtu hubuni uongo. Huenda ndiyo sababu wengi wetu hapa Amu, yaani Lamu, tukiitwa wabunifu tunashtuka kidogo. Neno tumewaachia wachoraji, washairi na wachonga milango. Muuza samaki, karani na mwalimu wa darasa la tatu, hao wana kazi tu.

Katika saikolojia, maana iliyozoeleka ni fupi: ubunifu ni kutoa kitu ambacho ni kipya na tena kinafaa. Masharti ni yote mawili. Kipya kisichofaa ni kituko. Kinachofaa bila kuwa kipya ni ufundi, na ufundi si haba. Anayetia kalafati chombo nitakachosafiria, namwomba afanye vilevile alivyofundishwa. Upya wenyewe si lazima uwe wa dunia nzima. Ukipanga rafu za duka kwa namna ambayo hukuwahi kuijaribu, wateja wakaacha kukuuliza sukari iko wapi, umebuni.

Mfano mkubwa tulio nao uko baharini. Mwaka 2018 hapa Lamu kilishushwa majini chombo cha tanga kiitwacho Flipflopi, cha mita 9, kilichoundwa kwa taka za plastiki na kuvishwa kandambili chakavu kama 30,000. Mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar. Watu husifu rangi zake. Mimi nasifu kingine: mafundi, wakiongozwa na Ali Skanda, hawakuanza elimu mpya ya kuunda vyombo. Mkuku, uti wa chombo, uko pale pa siku zote, na mataruma, mbavu zake, yako palepale. Plastiki iliyeyushwa, ikafanywa kama mbao, kisha ikachongwa kama mti. Uundaji wa wazee ukakutana na takataka za leo. Ubunifu mwingi huwa hivyo, mambo mawili ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuyakutanisha.

Sasa mazoezi. Mwaka 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, J. P. Guilford, aliwahutubia wenzake akiwalaumu kwa kuupuuza ubunifu. Baadaye likaenea zoezi lake: unapewa kitu cha kawaida, kwa mfano tofali, utaje kazi nyingine zote kinazoweza kufanya. Sisi tuchukue kifuu. Upawa, kata, cha kuwashia moto. Hayo hata mtoto atayataja. Halafu kimya. Usiache hapo, maana majibu ya mwanzo ni ya kila mtu. Likifika la nane au la tisa ndipo yanapokuja yako: cha kuoteshea mche, cha kuwekea sarafu za chenji, mlio wa kwato za farasi katika mchezo wa watoto wa shule. Dakika tano zinatosha, kabla hujafungua duka.

Zoezi ninalolipenda zaidi ni la kwetu wenyewe. Chukua tatizo la kazini ulitie katika mshororo wa mizani kumi na sita, nane kwa nane. Tuseme unauza samaki, na ni mwezi wa Julai:

Leo samaki wachache, bei imepanda sana.

Hayo ni malalamiko, na lile "sana" limewekwa kujaza nafasi. Jaribu tena, safari hii kila neno lilipe nauli yake:

Kusi limefunga njia, mashua hazikutoka.

Umeiacha bei, umefika kwenye sababu. Mara ya tatu:

Kusi likivuma hivi, niuze ng'onda dukani.

Ng'onda ni samaki wakavu, na huo tayari ni mpango wa biashara. Vina havipo, washairi wanisamehe, lakini hatukuwa tukitafuta shairi. Mizani kazi yake ni kukubana, na aliyebanwa hutafuta upenyo. Mwambie mtu aandike chochote apendacho, mara nyingi ataandika alichoandika jana.

Ukikwama kabisa, acha. Graham Wallas wa Uingereza alieleza tangu 1926 kwamba baada ya kulishughulikia jambo kwa bidii, kuna kipindi cha kuliweka kando likapikika lenyewe akilini. Wapika mahamri hawahitaji kuelezwa hilo: unga ukishakandwa, hufunikwa ukaachwa uumuke. Ila lazima uwe umeukanda kwanza. Kuna watu hufunika sinia tupu wakasema wanasubiri wazo.

Kisha kuna miguu. Mwaka 2014 Marily Oppezzo na Daniel Schwartz wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hutoa mawazo mapya mengi zaidi wakitembea kuliko wakikaa, hata wale waliotembea kwenye mashine chumbani wakitazama ukuta mtupu. Kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukuwafaa. Kwa hiyo hesabu za mwisho wa mwezi zifanye umekaa. Ukitaka mawazo mengi, kutoka mjini hadi kijiji cha Shela kwa njia ya pwani ni kama kilomita 3, na wa kupishana naye ni punda. Simu itie mfukoni.

Na kijidaftari ukitie pamoja nayo. Mimi nawaandikia watu barua na matangazo, na maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyapata ya tangazo la duka la vitambaa yalinijia mashuani nikivuka kutoka Mokowe, upande wa bara. Nikasema nitayakumbuka. Kufika gatini kukazuka ubishi wa nauli, usionihusu, nami nikaingia nikabishana kwa moyo wote. Nilipopanda ngazi za gati kichwani hamna kitu. Nakumbuka tu kwamba ndani yake mlikuwa na neno "kivuli".