Joto la Mwili na Kinasi: Nyuzi Chache Hubadilisha Nini Ndani ya Seli?

Kinasi ni nini hasa?

Ni vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia za seli, vinavyochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye protini nyingine. Fosfeti ni kitu kidogo, lakini ikishabandikwa, protini iliyoipokea hubadilika: iliyolala huamka, iliyokuwa kazini husimama, nyingine hupelekwa kuvunjwa. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500. Ujumbe wa insulini hupitia kwao, na seli haigawanyiki bila idhini yao. Edmond Fischer na Edwin Krebs, waliofumbua utaratibu huu miaka ya 1950, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Joto linaingiaje hapo?

Linaingia kupitia umbo. Kinasi ina sehemu mbili, ndogo juu na kubwa chini, zilizoungana upande mmoja kama taya za kinywa. ATP hukaa katikati. Karibu na hapo kuna utepe unaosogea: ukikaa sawa, kinasi inafanya kazi, ukikunjamana vibaya, imezimika. Umbo lote hilo limeshikiliwa na vifungo vingi, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu sana. Joto ni mtikisiko wa molekuli, kwa hiyo kila nyuzi inayoongezeka huvitikisa vifungo hivyo zaidi. Kinasi inahitaji mtikisiko kiasi ili ifunguke na kufumba. Ukizidi, inalegea na mwishowe inafumuka.

Basi joto likipanda, kazi huongezeka?

Hadi mahali fulani. Kwa vimeng'enya vingi, ongezeko la nyuzi 10 huzidisha kasi mara 2 au 3, kisha hufika kikomo na kasi ikaporomoka. Ila kwa kinasi kikomo hicho hakiko mbali. Nyingi haziko imara sana hata kwenye nyuzi 37, na hutegemea protini saidizi, hasa Hsp90 na mwenzake Cdc37, zizisaidie kushika umbo. Zikikosa msaada huo huvunjwavunjwa na seli yenyewe. Joto likizidi, protini nyingine nyingi nazo huanza kufumuka na kuhitaji wasaidizi, na wasaidizi huelemewa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mwaka 1970. Steve Martin alipata aina ya virusi vya saratani ya kuku vyenye kasoro ya kijeni. Seli za kuku zilizoambukizwa zilipowekwa kwenye nyuzi 36 ziligeuka za saratani. Zilipopandishwa hadi 41 zikarudia sura ya kawaida. Zikishushwa tena, saratani inarudi. Baadaye ilibainika kwamba jeni lenye kasoro hutengeneza kinasi iitwayo Src. Nyuzi 5 tu zilitosha kuiwasha na kuizima.

Na nyuzi moja, ina maana yoyote?

Ndiyo, na hili ni jipya kiasi. Mwaka 2020 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba kinasi za kundi la CLK hufanya kazi zaidi joto likishuka na hupungua likikaribia nyuzi 38, kwa sababu ule utepe wao hubadili mkao. Mabadiliko hayo hurudi nyuma bila madhara. Kinasi hizi husimamia jinsi nakala za RNA, yaani nakala za maagizo ya jeni, zinavyokatwa na kuungwa, kwa hiyo zikibadilika, protini zinazotengenezwa nazo hubadilika. Joto la mwili wenye afya hupanda na kushuka kwa takriban nyuzi moja kila siku, chini kabisa kabla ya alfajiri na juu zaidi jioni. Seli zinalisoma badiliko hilo.

Nikipata homa, kinasi zangu zinaharibika?

Homa ya kawaida ya nyuzi 38 au 39, hapana. Ubongo ndio unaoipandisha, na seli hujibu kwa kutengeneza protini saidizi zaidi. Kunywa maji, pumzika, tafuta chanzo. Mtoto aliye chini ya miezi 3 ni habari nyingine: akifika nyuzi 38, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kinachonitia hofu ni kiharusi cha joto. Hapo mwili umeshindwa kujipoza, joto limepita nyuzi 40, na mtu amechanganyikiwa au amezimia. Protini zinafumuka kweli, na viungo vinaweza kuharibika. Itisha msaada, mtoe kwenye joto, mvue nguo nzito, mmwagie maji baridi na umpepee papo hapo. Usimpe parasetamoli ukitegemea imshushe: hiyo hufanya kazi pale ubongo ulipopandisha joto wenyewe, na hapa haujafanya hivyo.

Baridi nayo?

Kwa kawaida baridi huzipunguza kasi kinasi bila kuzivunja. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzi 35 ni hatari, kwani moyo na ubongo huzubaa. Hata hivyo madaktari huitumia baridi kwa uangalifu: mtoto mchanga aliyekosa oksijeni wakati wa kuzaliwa anaweza kupozwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72 ili kuokoa ubongo wake. Hiyo ni kazi ya wodi yenye vifaa, kamwe usijaribu nyumbani.

Kwa nini kipande cha nyama ya uvimbe kilichokatwa ili kupimwa huwahishwa kwenye baridi?

Kwa sababu kinasi hazijui kwamba zimetolewa mwilini. Huendelea kubandika fosfeti, na vimeng'enya vingine huendelea kuzibandua, hivyo ndani ya dakika chache majibu ya kipimo yanaweza yasionyeshe tena hali halisi ya saratani. Barafu hupunguza kasi hiyo bila kuikomesha. Ndiyo maana sampuli za kupima fosfeti hugandishwa haraka na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.